Pumzi ya Injini ya Dizeli
Mazungumzo yaliyosomwa Ilagala mbele ya wazee, walimu, wenye magari na vijana



Leo hatukuja na habari za mbali. Twataka kusema juu ya kitu kimoja kilichomo katika kila gari la dizeli na kila lori lipitalo katika njia yetu ya Kigoma. Wengi hukiona kila boneti ifunuliwapo, lakini hawajui jina lake wala kazi yake. Mafundi hukiita manifodi ya hewa. Ni bomba nene lenye shina moja na matawi kadhaa, lililofungwa kwa bolti ubavuni mwa injini. Likiwa zima, hakuna alitajaye. Likiharibika, huharibu mengine yote polepole, wala mwenye gari hajui mpaka siku ya msiba.

Labda mtu atauliza: Sisi ni wakulima, wavuvi na wakamuaji wa mawese, twahusika nini na mambo ya makanika? Jibu lake ni jepesi. Mawese yetu huchukuliwa na nani mpaka sokoni? Dagaa je? Na dawa za zahanati, na daftari za shule, na saruji ya kujengea? Na mgonjwa azidiwapo usiku, huchukuliwa na nini? Vyote hivi huchukuliwa na injini za dizeli. Basi asiyejua injini hupumuaje, naye anaitegemea, ni kama mtu aingiaye katika mtumbwi bila kutazama kama una tundu.

Jinsi injini ipumuavyo

Yafaa kwanza tufahamu kazi yenyewe. Injini hii yaitwa dizeli kwa jina la Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858. Mwaka 1897, katika mji wa Augsburg, injini yake ilijaribiwa mbele ya wataalamu ikafaulu. Fikira yake ilikuwa hii: hewa ikishindiliwa kwa nguvu katika nafasi ndogo hupata moto. Kila mtu aliyejaza upepo katika gurudumu la baiskeli kwa pampu ya mkono amekwisha kuyaona haya, maana pampu hupata moto mkononi mwake. Ndani ya injini ya dizeli hewa hushindiliwa mpaka ujazo wake unakuwa chini ya sehemu moja katika kumi na tano, na katika injini nyingine hata moja katika ishirini na zaidi. Hapo hewa hupata joto kupita digrii 500. Ndipo nozeli inapopuliza dizeli kama ukungu mwembamba, nayo huwaka yenyewe pasipo cheche ya umeme.

Kwa hiyo injini hii haina kiberiti kingine ila hewa iliyoshindiliwa. Pakikosekana hewa, au hewa ikivuja wakati wa kushindiliwa, hapana moto. Na pasipo moto hapana safari.

Sasa tazameni ni hewa kiasi gani. Kuteketeza lita 1 ya dizeli kwahitaji zaidi ya lita 10,000 za hewa. Hebu tuchukue injini moja ijulikanayo sana katika njia zetu, ile ya Toyota Land Cruiser iitwayo 1HZ, yenye silinda 6 na ujazo wa lita 4.2, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990. Izungukapo mara 2,000 kwa dakika, huvuta karibu lita 3,500 hadi 4,000 za hewa kila dakika. Pipa la mafuta mlijualo ni la lita 200. Basi injini moja hunywa mapipa kumi na manane au ishirini ya hewa kila dakika, na zaidi ya mapipa elfu moja kila saa. Na hewa yenyewe ni ipi? Wakati wa kiangazi ni ile ile ya njia yetu, iliyojaa vumbi jekundu lililorushwa na lori lililotangulia.

Ndiyo sababu waundaji waliweka kichujio. Hewa huingia katika kichujio, vumbi hubaki huko, na hewa safi hupita katika bomba mpaka kwenye manifodi. Manifodi huigawanya: kila silinda na tawi lake, ili isiwepo silinda inyimwayo wala ipunjwayo. Injini nyingine zina tabo, yaani feni izungushwayo na moshi utokao, nayo huisukuma hewa ndani ya manifodi kwa nguvu. Nyingine, kama ile 1HZ, hazina tabo, bali huivuta hewa zenyewe kama mtu avutavyo pumzi. Tofauti hii yafaa ikumbukwe, kwa maana dalili za ugonjwa hazilingani.

Magonjwa matatu

Ugonjwa wa kwanza ni kuvuja. Manifodi hupasuka, au uso wake uliogusana na injini hupinda kwa joto, au gasketi iliyo katikati huliwa, au bolti hulegea kwa mitikisiko ya njia mbaya. Katika injini yenye tabo, hewa husukumwa nje kupitia ufa. Gari hupungukiwa na nguvu mlimani, hutoa moshi mweusi, na husikika mlio kama filimbi dereva akanyagapo mafuta. Huo ni ugonjwa wenye kelele, na dereva huulalamikia upesi. Lakini katika injini isiyo na tabo mambo ni kinyume. Hewa haitoki; huingia. Nguvu haipungui, moshi haubadiliki, na dereva hana la kulalamikia. Ila hewa ile imeingia baada ya kichujio, haikuchujwa, nayo imebeba vumbi. Huu ni ugonjwa usio na homa, na ndio ulio mbaya kuliko yote.

Ugonjwa wa pili ni kuziba. Injini nyingi za siku hizi zina valvu irudishayo sehemu ya moshi ndani ya manifodi, ili kupunguza sumu itokayo katika ekzosi. Moshi ule una masizi. Tena injini zina bomba la kupumulia liletalo mvuke wa oili katika njia ile ile ya hewa. Masizi na oili vikikutana hufanya ugando mweusi mzito kama lami. Mwaka baada ya mwaka tundu hupungua, mpaka injini inapumua kama mtu aliyefungwa kitambaa puani.

Ugonjwa wa tatu ni kuvunjika kwa vitu vilivyomo ndani. Katika manifodi za baadhi ya injini mpya mna vibamba vidogo vya kuizungusha hewa. Kibamba kikikatika, au parafujo yake ikitoka, huvutwa mpaka ndani ya silinda. Na pistoni ikikutana na chuma, mshindi hayupo.

Habari ya gari letu

Sasa twaomba ruhusa kueleza kosa letu wenyewe, maana anayefundisha wengine bila kusema alipoanguka yeye hafundishi vema.

Miaka kadhaa iliyopita sisi watu wachache tulichanga fedha tukanunua gari kuukuu la dizeli, lisilo na tabo, la kuchukulia mawese na abiria. Siku moja fundi alitwambia ya kuwa ameona ufa katika shina la manifodi, karibu na mdomo wake, mahali liungwapo bomba litokalo kwenye kichujio. Alitushauri tununue nyingine. Tuliuliza bei, tukaihesabu kwa madumu ya mawese, tukaona ni nyingi. Tukamwambia, “Paka gundi, gari lina nguvu zake bado.” Naye alipaka, maana mali ni yetu.

Gundi ile ilishika masika yote. Kiangazi kilipofika, kwa joto na mitikisiko, ilibanduka, nasi hatukujua. Tuliendelea kubadili kichujio kwa uaminifu kila ilipopasa, tukajisifu ya kuwa twalitunza gari letu. Kumbe tulikuwa tukifunga mlango wa mbele na kuacha dirisha wazi. Vumbi liliingia miezi mingi, likachanganyika na oili, likawa kama msasa baina ya pete za pistoni na kuta za silinda. Gari likaanza kula oili. Likaanza kutoa moshi wa buluu. Asubuhi likawa zito kuwaka. Tukasema, “Ni uzee.”

Usiku mmoja tuliitwa katika kijiji kimoja cha ng'ambo ya Malagarasi, kumchukua mama mmoja aliyekuwa katika uchungu wa kuzaa, naye alitakiwa apelekwe Kigoma upesi. Gari lilikuwako huko huko, limelala uwanjani. Tuliliwasha, likazunguka, likatoa moshi mweupe, yaani dizeli isiyowaka, likanyamaza. Tukalisukuma, wanaume kumi na zaidi, likanyamaza. Betri ikafa. Hewa iliyopaswa kushindiliwa ilikuwa ikipita kando ya pete zilizoliwa na vumbi, na joto lilikuwa halifiki penye kuwasha. Mwishowe mama alichukuliwa kwa mtumbwi, mtoni kisha ziwani, na upepo ulikuwa wa mbele. Walifika jua limekwisha kupanda. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Hatuthubutu kusema ya kwamba mtoto yule angalipona kama gari lingaliwaka. Mungu ndiye ajuaye. Lakini twajua ya kuwa saa zile zilipotea, na twajua zilipotea kwa sababu gani. Injini ilipofunguliwa, kuta za silinda zote sita zilikuwa na mikwaruzo ya kupanda na kushuka. Tulinunua pete, pistoni na mikono ya silinda, na gharama yake ilikuwa mara nyingi kuliko bei ya manifodi tuliyoikataa. Wazee walisema, “Usipoziba ufa utajenga ukuta.” Sisi tulikuwa tukiijua methali hii tangu utoto, wala haikutufaa kitu, kwa sababu tuliidhani ni ya nyumba tu.

Jinsi ya kuugundua ufa

Kwanza, shika kitambaa cheupe. Zima injini, fungua bomba litokalo kwenye kichujio kwenda kwenye manifodi, ukafute ndani yake na ndani ya mdomo wa manifodi. Kitambaa kikitoka na vumbi, kuna mahali hewa inapopita bila ya ruhusa. Ni kazi ya muda mfupi, haina gharama, na kama tungaliifanya kila mwezi tusingaliyapata yale tuliyoyapata.

Pili, tazama kwa nje. Katika injini yenye tabo, mahali panapovuja huwa na alama nyeusi ya masizi na oili kandokando ya kiungo. Katika injini isiyo na tabo tafuta mistari ya vumbi iliyovutwa kuelekea kwenye ufa.

Tatu, tumia maji ya sabuni. Injini ikiwa imezimwa, ziba mdomo wa njia ya hewa, peleka ndani hewa kidogo kwa pampu, kisha paka maji ya sabuni penye viungo vyote. Mapovu yatakuonyesha. Hewa iwe kidogo, maana ikizidi itarusha kizibo kama risasi. Wako watu wapulizao petroli au gesi kandokando ya manifodi injini ikiwa yawaka, wapate kusikia mlio ubadilikapo. Twawasihi wasifanye hivyo. Katika dizeli kila kiwacho kiingiacho pamoja na hewa ni mafuta ambayo dereva hana uwezo wa kuyazuia, na mahali penye joto ni hatari ya moto.

Jinsi ya kuibadili

Kabla ya kugusa spana, hakikisha ya kuwa manifodi mpya imekwisha kupatikana nayo ni ya injini ile ile. Nyingi zinazouzwa kwetu zimekwisha kutumika. Si vibaya kununua iliyotumika, bali ikague mchana: weka rula ya chuma iliyonyoka juu ya uso wake, utazame kama mwanga wapita chini yake, kagua masikio ya bolti yasiwe na nyufa, tikisa, usikie kama kuna kitu kilicholegea ndani. Gasketi lazima iwe mpya. Gasketi ya zamani imekwisha kushindiliwa, haitaziba tena. Na ile ikatwayo kwa karatasi ya boksi si gasketi, ni hila ya kujidanganya.

Injini na ipoe kabisa. Ondoa waya wa hasi wa betri. Osha nje ya injini yote, ukaikaushe, maana mchanga ulioko juu ya manifodi ndio utakaotumbukia ndani uifunguapo. Hatua hii hudharauliwa sana, nayo ni nusu ya kazi.

Kisha ondoa vitu vilivyo juu yake: bomba la kichujio, waya, mipira, na valvu ya kurudisha moshi kama ipo. Kila waya na kila mpira utie alama, kwa rangi au kwa kipande cha kitambaa chenye namba. Manifodi nyingine zina njia ya maji. Hapo hapana budi kumwaga maji ya radieta kwanza. Na katika baadhi ya injini manifodi ya hewa na ile ya ekzosi ziko upande mmoja na zafungwa kwa gasketi moja, hata itakulazimu kuziondoa zote mbili.

Mara nyingi mabomba ya chuma yaendayo kwenye nozeli hupita juu ya manifodi, nayo hayana budi kufunguliwa. Hapa twasimama kidogo, tuonye. Katika injini za siku hizi mafuta ndani ya mabomba hayo yana nguvu kupita mara 1,000 ya uzito wa hewa tuivutayo. Usilegeze nati yake injini ikiwa yawaka, wala mara tu baada ya kuizima. Mafuta hayo hupenya ngozi kama sindano. Mtu aliyepenywa huona kijitundu kidogo tu, akacheka. Kumbe mkono waweza kuharibika ndani. Na aende hospitali saa ile ile, wala asingoje maumivu. Mabomba yakisha kuondolewa, ziba ncha zote kwa vifuniko safi, maana chembe moja ya mchanga yatosha kuua nozeli.

Sasa legeza bolti za manifodi. Anza na zile za nje, uende ukiingia kati, kidogo kidogo, isije ikapinda. Bolti iliyoshikwa na kutu usiishurutishe kwa nguvu za mikono miwili. Itie oili ya kupenya, ungoje. Stadi ikikatika ndani ya injini, kazi ya saa moja itakuwa kazi ya siku mbili. Na ikikatika, itolewe. Asiseme mtu ya kuwa zilizobaki zinatosha. Mahali pasipokazwa ndipo ufa wa pili utakapozaliwa.

Manifodi ikitoka, mbele yako pana matundu wazi yaendayo moja kwa moja kwenye valvu na silinda. Papo hapo, kabla ya kutazama kingine chochote, yazibe kwa vitambaa safi visivyotoa nyuzi, ukavihesabu. Kama umetia sita, utoe sita. Nati moja, au kipande cha gasketi, au kitambaa kilichosahauliwa, kitaifanya kazi yako yote kuwa hasara.

Kwangua gasketi ya zamani kwa kitu kisichochora, kwa kuwa silinda hedi nyingi ni za alumini, madini laini. Pima uso wake kwa rula kama ulivyoipima manifodi. Kama manifodi ni ile ile ya zamani, nawe wataka kuisafisha masizi tu, isafishe ikiwa nje ya injini, wala usikwangue ikiwa imefungwa mahali pake. Ioshe, ikauke kabisa. Maji hayashindiliki, kikombe kimoja cha maji katika silinda chaweza kupinda mkono wa pistoni.

Ondoa vitambaa, uvihesabu tena. Weka gasketi mpya kavu, ila kitabu cha gari kisemapo vingine. Weka manifodi, tia bolti zote kwa vidole kwanza. Kisha kaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa mizunguko miwili au mitatu, kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha injini ile. Bolti hizi ni ndogo na alumini ni laini. Hapa hapatakiwi nguvu ya mpasua mawe. Azidishaye kukaza huvunja sikio la manifodi mpya siku ile ile aliyoinunua.

Rudisha kila kitu kwa alama zake, toa hewa katika njia ya mafuta, jaza maji, unganisha betri. Rudia maji ya sabuni. Washa, sikiliza, iache ipate joto, kisha izime, na ikipoa tazama tena bolti. Baada ya siku chache za safari, rudi na kitambaa chako cheupe.

Injini ikimbiayo yenyewe

Liko jambo moja zaidi ambalo kila dereva na kila utingo imempasa kulijua. Ikiwa tabo imeharibika, au oili nyingi imejikusanya katika manifodi, injini yaweza kuivuta oili ile na kuiteketeza kama dizeli. Hapo hupanda mbio yenyewe, yapiga kelele, moshi mwingi watoka, na ukizima ufunguo haisikii, kwa maana haitumii tena mafuta ya tangi. Dawa yake ni kuinyima pumzi: ziba mdomo wa njia ya hewa kwa ubao bapa au kitu kigumu. Usizibe kwa mkono, wala kwa kitambaa kilicholegea kitakachovutwa ndani. Gari lenye gia za mkono laweza pia kuzimwa kwa kutia gia kubwa, kukanyaga breki kwa nguvu, kisha kuachia klachi. Usipoweza hayo bila hatari, waondoe watu, ukae mbali.

Mfano wa Liemba

Kama mtu aona ya kuwa twatia chumvi tusemapo habari ya mchanga na vitambaa, na aikumbuke meli yetu. Meli ya Graf Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande ndani ya masanduku, kwa bahari na kwa reli, ikaunganishwa Kigoma. Mwezi Julai mwaka 1916, katika vita kuu ya kwanza, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi, mto huu huu tuunywao, isichukuliwe na adui. Lakini mafundi walioamriwa kuizamisha walizipaka kwanza injini zake grisi nene. Meli ililala chini ya maji na matope miaka kadhaa. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924 walikuta injini bado zafaa, na mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba. Injini zile za mvuke zilifanya kazi mpaka miaka ya 1970, zilipoondolewa na kutiwa za dizeli.

Fikirini jambo hili. Vita i juu yao, amri imetolewa, meli yenda kuzama; nao wapaka grisi. Kazi ile iliwafaa watu wengine waliokuja nyuma yao, na wazee wengi wa pwani hii wamesafiri kwa faida yake. Basi sisi, tusio na vita wala haraka, tutatoa udhuru gani tukishindwa kuyaziba matundu sita kwa vitambaa?

Neno la mwisho

Kwenu viongozi wa vijiji: palipo na gari la ushirika, au mfanyaji biashara mwenye gari ambalo kijiji hulitegemea kwa wagonjwa, na kiwepo kitabu kidogo. Kiandikwe siku kichujio kilipobadilishwa, siku kitambaa cheupe kilipopitishwa, na fundi alisema nini. Fundi asemapo, “Hiki kimepasuka,” neno lake lisipimwe kwa bei peke yake. Na wenye gari watenge akiba kidogo katika kila safari, ili siku ya ufa fedha iwepo.

Kwenu walimu: hesabu ya mapipa ya hewa ni somo zuri la darasani, na pampu ya baiskeli ni maabara iliyo tayari. Kijana akiguswa na somo hilo, mwonyesheni njia ya chuo cha ufundi cha VETA, ajifunze kwa utaratibu, maana makanika aliyejifunza kwa kubahatisha hujifunzia katika magari ya watu.

Nanyi vijana mnaoshika spana tangu sasa: msione haya kumwambia mwenye mali neno asilolipenda. Fundi wetu alitwambia mara moja, nasi tulimkatalia. Laiti angalitwambia mara tatu! Gari letu laenda hata leo, na manifodi yake ni nzima. Kila mwezi mmoja wetu huifungua, akafuta kwa kitambaa cheupe, akakitazama juani. Hatufanyi hivyo kwa kupenda chuma.

Tumekwisha. Aliye na swali na aulize, na aliye na gari hapa nje, na tukalifunue boneti sasa hivi, jua lingali juu.